Muulize Fundi wa Viti: Kiti cha masaji kijaribu kikiwa kimezimwa

Ukurasa huu hujibiwa na fundi wa viti vya ofisi mwenye karakana Keko, Dar es Salaam. Barua zimefupishwa.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Posta. Nina miaka 41, urefu sentimeta 155, kilo 74. Naingia kazini saa mbili, natoka saa kumi na moja, na mwisho wa mwezi tukifunga hesabu hata saa tatu usiku inanikuta mezani. Kiti nilichopewa ukikipandisha kinashuka chenyewe, nimekiwekea mto. Ikifika saa nane mchana kiuno kinauma, na mabega yanakaza mpaka shingoni. Juzi Kariakoo nimeona kiti kikubwa cha bosi, cha ngozi nyeusi, kina masaji sehemu saba, kinapasha mgongo joto, kina rimoti na kinalala. Muuzaji anasema kinatibu mgongo. Nilikikalia dakika chache nikatamani nisiinuke. Bei 780,000, amekubali kushuka hadi 720,000. Ni hela yangu, zamu yangu ya kupokea mchezo imefika. Mume wangu anasema ni anasa na kitakula umeme. Ninunue?
*Mama Hesabu, Tabata*

Marahaba, Mama Hesabu. Nianze na shemeji, maana hoja yake ndiyo nyepesi. Igeuze adapta ya kiti kile, kwa kawaida utakuta imeandikwa volti 12, ampia 2 hivi. Zidisha, unapata wati 24. Ukiwasha robo saa mara nne kwa siku, hiyo ni saa moja. Kwa siku 22 za kazi umetumia nusu yuniti na kidogo. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza nusu yuniti hiyo kwa nusu saa, kabla sare za watoto hazijaisha. Tena huo ni umeme wa ofisini, LUKU yenu haiguswi. Kuhusu anasa mtayamaliza wenyewe nyumbani, mimi simo.

Sasa wewe. Umeniandikia mengi, lakini ninalolitaka hukulisema: ulipokikalia kile kiti, ukaegemea mpaka mgongo ukagusa nyuma, miguu yako ilifika chini?

Haikufika. Naandika kwa uhakika kwa sababu viti vya bosi navipima kila wiki. Vimetengenezwa kwa mtu mrefu na mpana. Kikalio chake ni kirefu kwenda mbele, na wewe wa sentimeta 155 paja lako linaishia njiani. Hapo una mawili. Ukirudi nyuma mpaka mwisho, ukingo wa kikalio unakubana nyuma ya goti na miguu inaning'inia. Ukisogea mbele ili miguu ifike chini, mgongo unaachana na egemeo, unakaa kwenye ukingo siku nzima na egemeo lote la 720,000 linabaki nyuma yako halina kazi. Na mota zake zimegandishwa palepale zilipowekwa kiwandani, hazishuki kumfuata mtu mfupi. Ile iliyokusudiwa bega la mtu wa sentimeta 175 kwako inagonga shingo au kisogo.

Muuzaji anaijua kazi yake. Hakukukalisha wima ukaandika hesabu. Alikulaza, akawasha. Mtu aliyezunguka Kariakoo juani tangu asubuhi, ukimlaza chini ya feni ukamtetemesha kidogo, atakusifia hata benchi la kituo cha daladala. Kwa hiyo rudi dukani, umwambie azime. Kaa wima kikiwa kimezimwa, mikono mbele yako kama unachapa, robo saa nzima, ikibidi jifanye unasubiri simu. Kiti kikikuudhi kikiwa kimezimwa, kitakuudhi saa nane kwa siku, maana hata hiyo masaji yenyewe kwa kawaida ina saa ndani yake, baada ya dakika kama 15 inajizima.

Nikueleze na kilichomo ndani, kwa sababu hapa karakanani navifungua. Unang'oa pini za stepla nyuma ya egemeo, unafunua kile kitambaa cheusi chepesi, unakuta sponji imechongwa mashimo. Kila shimo lina kijisanduku cha plastiki cha ukubwa wa kiberiti, kimeshikwa kwa gundi ya moto. Ndani ya kijisanduku kuna mota ndogo, na kwenye ekseli yake kuna kipande cha chuma cha nusu duara, kizito upande mmoja. Mota ikizunguka, ule uzito unavuta huku na huku, kijisanduku kinatetemeka. Simu nyingi zikiwa kimya mfukoni hutetemeshwa na kitu cha aina hiyohiyo, hapa wamekikuza tu. "Sehemu saba" maana yake vijisanduku saba. Humo hamna kinachokanda.

Kinachokanda kweli ni aina nyingine, ile yenye mipira inayozunguka kwa jozi na kupanda na kushuka mgongoni. Hiyo ni kazi nzuri, ila mipira inakusukuma mbele kila inapopita. Jaribu kujaza ritani ya VAT huku unasukumwa, uone tarakimu zitakavyokwenda. Ni kiti cha kupumzikia. Na ndivyo vilivyoanza: kiti cha masaji cha kwanza kutengenezwa kwa wingi kilitoka Osaka, Japani, mwaka 1954, kazi ya Nobuo Fujimoto, na vikawekwa kwenye mabafu ya umma, mtu akishaoga maji ya moto anakaa, anachuliwa, anakwenda zake. Hakuna aliyekaa humo na daftari la hesabu.

Ubovu wake pia uujue. Waya zinazounganisha vile vijisanduku ni nyembamba, na zimeungwa kwa lehemu. Mtetemo uleule unaochua mgongo unaitikisa na lehemu, mpaka siku moja upande wa kushoto unanyamaza. Vingi vinavyoletwa kwangu ugonjwa wake ni huo, au waya wa adapta umekatwa na magurudumu: kiti kinazunguka, waya unajisokota kwenye mguu, ukisogea nyuma gurudumu linapita juu yake. Halafu sponji ikishakonda unaanza kuvihisi vile vijisanduku kwenye uti wa mgongo, hata kikiwa kimezimwa. Hapo ndipo mteja anapokuja kuniambia nitoe masaji zote nimshonee kiti cha kawaida.

Na huo mkeka wa kupasha joto, Mama Hesabu. Joto, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Labda kama ofisi yenu ina kiyoyozi kikali, sikatai.

Neno "kinatibu" ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Kuchua kunalegeza msuli uliokaza, unapata nafuu kwa muda, na nafuu si jambo la kudharau. Lakini kilichoukaza huo msuli ni mkao, na mkao unabaki palepale mota ikishanyamaza. Kutetemeka kwenyewe pia si dawa. Waulize madereva wa malori na wa magreda: mtetemo wa kiti kwa saa nyingi unajulikana kuwa unaleta maumivu ya kiuno, mpaka Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ukatoa maelekezo ya kuweka kikomo cha mtetemo ambao mfanyakazi anaruhusiwa kupata kwa siku. Kijimota cha dukani kwa robo saa hakifiki huko, usiogope. Nasema tu kwamba mtu asikuuzie mtetemo kwa bei ya tiba.

Kama maumivu yanashuka mguuni, mguu unakosa nguvu, unapata ganzi sehemu za siri, au haja ndogo inakuponyoka au inagoma kutoka, achana na viti vyote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, nenda pia, maana kifua kikuu kinaweza kukaa hata kwenye uti wa mgongo. Dar tuna Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Mwenye betri ya moyo, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye mifupa iliyolegea au aliyevunjika karibuni, na mama mjamzito, wamuulize daktari kwanza kabla ya kukaa kwenye kitu chochote chenye mota.

Tuje kwenye hela yako. Kabla hujatoa hata shilingi, hicho kiti kinachoshuka chenyewe kimekufa gesi tu, yaani lile bomba la katikati linalokipandisha na kukishusha. Gesi ya kiti hubadilishwa kama tairi, fundi anaigonga inatoka, anaweka mpya, haichukui hata saa nzima. Kama kikalio bado kigumu ukikibonyeza kwa ngumi, na egemeo halijavunjika, mwombe bosi alipie gesi. Huenda tatizo lako la kiuno nusu yake ni hilo: unakaa chini, meza iko juu, unainua mabega siku nzima ili mikono ifikie kibodi, na jioni unashangaa yamekaza.

Chukua futi ya fundi cherehani upime. Meza nyingi za ofisini zina urefu wa sentimeta 75 hivi. Mtu wa urefu wako, kutoka kwenye kikalio hadi kwenye kiwiko ni kama sentimeta 22 au 23. Kwa hiyo ili viwiko vilingane na meza, kikalio kiwe sentimeta 52 kutoka sakafuni, au 50 ukihesabu unene wa kibodi. Lakini kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, ukiwa na viatu, una kama 40 au 41. Zinabaki sentimeta 10 hewani. Hizo ndizo zitakazokuumiza kiti kikishapanda. Mwambie seremala akuchongee kijukwaa cha kuwekea miguu, upande wa visigino sentimeta 8, upande wa vidole 12, kipana kiasi cha miguu miwili kuhamahama. Mabaki ya mbao yanatosha. Nakuhakikishia hakuna muuzaji wa kiti cha masaji atakayekuambia habari ya kijukwaa, kwa sababu hana cha kukuuzia hapo.

Ikiwa bado unataka kiti kipya, na una haki ya kukitaka, tafuta cha kawaida, cha katikati, egemeo la neti ili mgongo upate hewa, chenye sehemu ya kiuno inayopanda na kushuka, na kikalio kinachosogea mbele na nyuma kwa wenzo. Ukikaa mpaka mwisho, vidole viwili au vitatu viingie kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Mikono ya kiti ipande na kushuka, isigonge meza. Kisha kigeuze miguu juu, palepale dukani, usione haya. Tazama miguu mitano: plastiki nene yenye mbavu nyingi chini ni sawa, plastiki nyembamba laini kwa ndani itapasuka. Tazama bamba la chuma lililoshika kikalio, boliti zake ziwe nne na ziwe zimekaza. Kwenye bomba la gesi mara nyingi kuna namba ya daraja. La 4 ni imara kuliko la 3, ingawa karatasi ni karatasi, mtu yeyote anaweza kuibandika. Magurudumu magumu ya plastiki ni ya zulia. Ofisi yenu kama ina vigae, omba yenye mpira laini, vinginevyo utakuwa unateleza na kukwaruza.

Chenji itakayobaki nunua mto wa masaji wa kufunga kwa mkanda, ule wa mipira, wa kukaa nao nyumbani. Jioni baada ya kuoga unajilaza nao kwenye sofa, robo saa. Na shemeji atauomba, utaona.

Ukishindwa, ukakipenda kilekile cha bosi, basi pata risiti ya EFD yenye jina la kiti, uandikiwe dhamana ya gesi kivyake na ya mota kivyake, na uulize kama adapta na rimoti vinapatikana vikifa. Wakisema "tutakutafutia", ujue havipo.

Salaam fundi. Nina ofisi ya kukatisha tiketi hapa Mombasa. Kiti changu cha masaji hakijamaliza miaka miwili, na ngozi imeanza kubanduka vipande vipande kwenye kikalio na mabegani. Nikivaa shati jeupe naondoka na madoa meusi. Nimepaka gundi ikawa mbaya zaidi. Muuzaji aliniapia ni ngozi halisi. Masaji yenyewe inafanya kazi vizuri.
*Wa Tudor*

Ngozi halisi haibanduki hivyo, ndugu yangu. Hiyo ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki ya poliyurethani. Unyevu na joto vinalivunjavunja lile tabaka, na sisi wa pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima, ukiongeza jasho na mafuta ya nywele. Hata ungekifungia stoo bila kukikalia, kingebanduka. Usipoteze gundi. Kikishaanza hakisimami, kivue chote.

Kwa kuwa mota nzima, kishonee upya. Kwa Mombasa ningekuchagulia kitambaa kinachopitisha hewa. Rekisini nene ya PVC inadumu kuliko hicho ulichonacho, lakini utatokwa jasho mgongoni mpaka uichukie. Mwambie fundi wako apige picha ya nyaya kwa simu kabla hajagusa kitu, aziandikie namba kwa tepu, na asipige stepla hata moja mahali asipoona waya unapita. Nimewahi kuletewa kiti kilichoshonwa vizuri sana kwa nje, na pini ya stepla imetoboa waya katikati: kila mota zikiwashwa rimoti inazimika. Kitambaa kisivutwe sana mbele ya mota, na juu ya kila kijisanduku aongeze kipande cha sponji nyembamba ngumu. Ile laini ya mto wa kulalia haifai, inabonyea siku hiyohiyo.

Shikamoo baba fundi. Mimi niko Minnesota, Marekani. Baba yangu yuko Kibosho, Moshi. Ni mwalimu mstaafu wa miaka 72, anaandika sana historia ya ukoo na anakaa mezani siku nzima. Nataka kumpelekea kiti cha masaji, au angalau mto wake, Krismasi nikija. Umeme wa huku ni volti 120. Kingine, baba ana sukari ya muda mrefu, na analalamika miguu ina ganzi.
*Binti wa Kibosho*

Marahaba mwanangu. Chukua mto, acha kiti. Mto unaingia kwenye sanduku lako la nguo, kiti kitakugharimu usafiri kuliko bei yake, na kikifika Moshi gesi ikilegea, baba anabaki na kiti cha bosi kisichopanda.

Umeme ni hivi. Geuza adapta usome mstari wa umeme unaoingia. Ikiwa imeandikwa 100–240V, chomeka popote, Marekani au Kibosho. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke Tanzania hata kwa kujaribu, huku ni volti 230, itatoa moshi. Na kile kibadilishi cha plagi kinachouzwa viwanja vya ndege kinabadilisha pini tu, umeme hakiugusi. Watu wengi wameunguza vitu hapo. Dawa yake ni rahisi: mito mingi yenyewe inakula volti 12, kwa hiyo kama mstari wa umeme unaotoka umeandikwa 12V, Moshi mjini atanunuliwa adapta nyingine ya volti 12 kamili, ampia zilingane na za ile ya awali au zizidi, zisipungue. Kwenye adapta kuna mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Michoro ifanane. Fundi wa redio yeyote anaujua.

Hilo la ganzi ndilo kubwa kuliko umeme. Mtu mwenye ganzi ya sukari hasikii kitu kinapomuunguza. Mkeka wa joto unaweza kumchoma akaona malengelenge kesho yake, na kidonda cha mwenye sukari unajua kinavyochelewa kupona. Nunua mto ambao joto lina kitufe chake peke yake, kisha ulizime moja kwa moja. Mie ningefungua nikate kabisa waya wa joto. Asiuweke kwenye miguu wala nyuma ya goti. Asilale nao. Na akienda kliniki yake ya sukari amuulize daktari kwanza, kama anatibiwa hospitali ya KCMC wapo pia wataalamu wa fiziotherapia.

Baba mwenyewe, kwa kazi ya kuandika kwa mkono, ungemsaidia zaidi kwa ubao wa mteremko wa kuweka juu ya meza, ili asiiname. Huo utachongwa hapohapo Kibosho.

Kiti changu cha ofisini hakipandi, nimekifunga kamba, na mgongo unauma. Mkuu wangu wa idara anasema kiti ni mali binafsi, anayeumwa mgongo ajinunulie. Kuna sheria?
*Karani, Mwanza*

Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha kazi haimdhuru mfanyakazi wake kiafya. Masaji usiitaje kwenye barua yako, utakuwa umempa mkuu kicheko cha bure na sababu ya kukataa. Andika kwamba kiti hakipandi, umeumwa tangu lini, ambatisha cheti cha daktari kama unacho, na uombe kiti kinachorekebishika. Nakala baki nayo. Ukiweka na picha ya kiti kilivyofungwa kamba, barua inasomeka haraka zaidi.

Fundi, nimeona video ya kiti kimelipuka mtu akiwa amekaa. Ni kweli gesi ya kiti inawaka? Na masaji ikitetemesha hailipui?
*Mwoga wa Kinondoni*

Ndani ya bomba kuna naitrojeni iliyoshindiliwa. Hiyo haiwaki, hata wewe unaivuta kila ukipumua. Kinachoogopesha ni shinikizo lake bomba likiwa hafifu, na ajali hizo ni chache. Mtetemo wa masaji hauna uhusiano, uko kwenye egemeo huko juu. Marufuku ni kutoboa bomba kwa drili, kulichomelea, au kulitupa kwenye moto wa takataka. Vijana wa vyuma chakavu wanisikie hapo. Kiti kikishuka, wachomeleaji wengine hupiga weldingi bomba libaki juu moja kwa moja. Ukiona fundi anashika tochi ya kuchomelea karibu na gesi, chukua kiti chako uondoke.

Mzee, mambo? Niko Sinza, nafanya grafiki na kuhariri video. Nina kiti cha mtumba kutoka Ulaya, cha neti, kizuri sana, kinanikaa mwili wote. Ila nakesha kazini na mgongo unachoka. Nina mkeka wa zamani wa masaji umekufa kitambaa, mota zake nane nzima. Unaweza kukata egemeo unifungie?
*Kijana wa Taa*

Ni shikamoo, kijana, halafu ndiyo "mambo". Neti sikati. Egemeo la neti linakubeba kwa sababu limevutwa sawasawa pande zote. Ukilitoboa tundu moja la mota linaanza kulegea kutoka hapo, na neti ya kiti cha Ulaya ukitaka kuibadilisha hapa nchini utatafuta mpaka uchoke. Pia hakuna mahali pa kuigandisha mota, sponji hamna.

Hizo mota zako nane zilete. Nitakushonea mto mwembamba wa mikanda miwili, mota nne zitatosha, mbili kiunoni na mbili chini ya mabega, tukupime ukiwa umekaa kwenye hichohicho kiti chako ili zigonge msuli zisigonge mfupa. Waya utashukia upande wa kulia, utafungwa kwenye mkono wa kiti kwa kipande cha velkro, mbali na magurudumu, na nitaweka kiunganishi ili ukiinuka kwa haraka uchomoke wenyewe badala ya kung'oa lehemu. Mto utafanya kazi kwa betri ya kuchaji ya volti 12 kama unayo, umeme ukikatika unaendelea. Utakapokuwa huchuliwi, uvue, kiti kibaki kilivyotoka kwao.

Ukija, njoo nacho kiti chenyewe, usije na picha. Bodaboda wa kwenu wanajua kukipakia. Jumamosi mwisho saa nane, Jumapili tumefunga.